Mchele Ulifikaje Gurei

Kwa Kiarabu cha Juba mchele unaitwa ruz. Wakatalani, watu wa pwani ya mashariki ya Hispania, wanasema arròs. Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka kwenye Kiarabu, ar-ruzz. Sisi tunaosema Kiswahili hatukuazima. Tuna mpunga ukiwa shambani, mchele ukishakobolewa, wali ukiwa kwenye sahani. Watu wenye majina matatu kwa kitu kimoja si wageni wa kitu hicho. Nalisema hili kwa sababu huku kambini swali moja halichoki kurudi: kwa nini mkimbizi anauza mtama wa mgao ili anunue mchele? Eti ni anasa.

Hebu tuanzie Gurei, pembeni mwa Juba upande wa magharibi, kwenye mgahawa mmoja wa mabati na turubai. Mama mwenye mgahawa ni Msudani Kusini aliyekulia Kakuma, kule Kenya, kambi iliyofunguliwa 1992 kwa ajili ya watoto waliokuwa wametembea kutoka Sudan. Kiswahili chake ni cha Kakuma na pilau yake pia ni ya huko: kitunguu kinaachwa kiungue hadi kahawia, halafu bizari nyembamba, mdalasini, iliki na nyama. Maji yakikauka anapalia makaa juu ya mfuniko na hagusi tena. Siku hiyo nilikuwa na dada mmoja wa shirika, Mkatalani. Alipomaliza sahani akauliza kwa aibu kidogo kama chini ya sufuria kumebaki kitu. Ukoko! Mama akacheka, akaukwangua wote akamletea. "Huyu khawaja amelelewa vizuri," akasema.

Kumbe kwao ukoko una jina lake, socarrat, na watu wanaugombania. Akatueleza vyakula vya wali vya nyumbani kwao: arròs negre, mweusi tii kwa wino wa ngisi, arròs a banda, unaopikwa kwa supu ya samaki, samaki wenyewe wakaliwa pembeni. Mchele wao ni wa punje fupi za mviringo, mwingi unatoka kwenye delta ya mto Ebro. Wanapika kwenye chombo kipana kisicho na mfuniko, lakini sheria ni ile ile ya mama wa Gurei: ukishatandaza wali, usikoroge. Wengine hudhani paella na pilau ni neno moja. Si kweli. Paella ni jina la chombo, limetoka Kilatini. Pilau limetoka Uajemi. Undugu wao ni wa punje yenyewe.

Punje hiyo ilitoka Asia ikashika njia nyingi. Waislamu waliotawala Hispania waliipeleka huko pamoja na mifereji ya kumwagilia. Kitabu cha mapishi cha Kikatalani, Llibre de Sent Soví, kinachosemwa ni cha 1324, kina chakula cha unga wa mchele, kuku na maziwa ya lozi. Miaka saba tu baadaye, 1331, Ibn Battuta alishuka Mogadishu akaandikiwa mezani, kama tunavyosema, wali uliopikwa kwa samli, kwenye sinia kubwa la mbao, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Aliona pia kwamba mtu mmoja wa mji ule anakula kama kundi zima la wenzake! Na hata wakati huo mchele haukuwa mgeni pwani. Waliochimba Chwaka, kisiwani Pemba, wamekuta kwamba watu waliacha kutegemea mawele wakahamia mchele baada ya karne ya 11.

Kutoka pwani mpaka kwetu Maniema haukuja kwa amani, na wazee wangu wa Kasongo hawakuficha hilo. Ulikuja na misafara ya pembe na watumwa. Stanley alipofika Nyangwe, 1876, mji ulikuwa tayari wa watu wa pwani, na mashamba ya mpunga yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Wabelgiji walipouteka Nyangwe na Kasongo, 1893, walisema wamekuja kukomesha utumwa. Baadaye wakauweka mpunga kwenye orodha ya mazao ya lazima, na asiyelima anafungwa. Bwana alibadilika, jembe likabaki lile lile. Hata hivyo harusi ya Kasongo bila wali si harusi, na msiba pia. Sijui niite nini kitu kilicholetwa kwa pingu halafu kikawa chetu kabisa. Mimi nakiita chakula.

Nilipoyasema hayo pale mezani, yule dada akanyamaza kidogo. Halafu akasema mama wa bibi yake alikuwa mkimbizi. Januari na Februari 1939, Barcelona ilipoanguka mikononi mwa Franco, watu karibu nusu milioni walivuka milima kuingia Ufaransa. Wengi waliwekwa ufukweni Argelès, kwenye mchanga mtupu uliozungushiwa seng'enge, bila hata vibanda mwanzoni. Miongoni mwa walinzi walikuwemo askari weusi kutoka makoloni ya Ufaransa. Mwafrika akimlinda mkimbizi wa Ulaya! Mama wa Gurei aliacha kuosha sahani akasikiliza. Akauliza swali moja tu, swali la mtu wa kambi: "Walipewa mgao gani?" Mkate, dada akajibu, mara nyingine ukitupwa kutoka kwenye lori.

Aprili 2021 WFP ilipunguza mgao wa wakimbizi na waliohamishwa Sudan Kusini hadi nusu, fedha zilikuwa hazitoshi. Ndugu zangu wa mashirika, nusu ya mtama inauzwa kwa sababu zile zile ambazo mtama mzima ulikuwa unauzwa: sabuni, ada ya shule, na kikombe kimoja cha mchele kwa siku ya Idi au Krismasi, ili mtoto ajue ladha ya kwao. Ukiikuta familia inakula wali Jumapili, usihesabu kwamba wameshiba wiki nzima.

Na mpunga hapa unaota. Aweil, kwenye mabonde yanayofurika mto Lol, mradi wa mpunga ulianzishwa miaka ya 1940 chini ya Waingereza. Vita vimepita juu yake zaidi ya mara moja. Gunia ninaloliona kwenye mgahawa wa Gurei limeandikwa Pakistan. Limepita Mombasa, likavuka Uganda, likaingia kwa lori kupitia barabara ya Nimule.