Dhahabu ya Sekenke na Sarafu ya Mwaka 1916

Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ambayo wakusanyaji wa sarafu za kale huihusisha na Tabora kwa kuwa iligongwa mwaka 1916 katika karakana ya Reli ya Kati mjini humo, inastahili kuhesabiwa pia katika historia ya Singida, kwani dhahabu yake ilitoka Sekenke, wilayani Iramba, kwenye mlima ambao madereva wa barabara ya Singida kwenda Nzega huujua zaidi kwa kona zake kali.

Kabla ya hapo, fedha iliyoaminika ilikuwa rupia ya Kijerumani, ambayo tangu mwaka 1890 ilitolewa kwa uzito uleule wa rupia ya Uhindi, yaani karibu gramu 11.7, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani na wa misafara walikuwa wamekwisha kuizoea hiyo ya Uhindi na wasingekubali nyingine iliyo nyepesi. Upande mmoja ulikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, na upande wa pili, katika matoleo ya kwanza, simba aliyesimama mbele ya mnazi. Watu wa bara, Wanyiramba wa Iramba wakiwamo, walihitaji rupia hiyo kwa sababu ya kodi ya nyumba iliyoanza kudaiwa mwaka 1898.

Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza zilifunga bahari, sarafu hazikuletwa tena kutoka Ujerumani, na serikali ya koloni la Ujerumani ikalazimika kuchapa noti zake yenyewe, ambazo hazikuaminiwa kama chuma kinacholia kikiangushwa. Mgodi wa Sekenke, uliokuwa umeanza kazi mwaka 1909 na ndio wa kwanza wa dhahabu katika koloni hilo, ukawa hazina iliyo karibu. Sarafu zipatazo 16,000 ziligongwa, zikiwa na tai wa dola upande mmoja, na upande mwingine tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, chini yake herufi T ya Tabora.

Hesabu yake inafichua dhiki ya wakati ule. Rupia 15 zilikuwa sawa na Mark 20, na sarafu ya Mark 20 ya Ujerumani ilikuwa na gramu 7.168 za dhahabu halisi. Ile ya Tabora ilikuwa na uzito wa jumla wa gramu hizohizo 7.168, lakini dhahabu halisi ilikuwa robo tatu tu, yaani gramu 5.376. Majeshi ya Kibelgiji yalipouteka mji wa Tabora mwezi Septemba 1916, ugongaji ulikwisha.

Shilingi ya Afrika Mashariki iliyotolewa na Waingereza kuanzia mwaka 1921 ina simba mbele ya milima, mpangilio unaofanana mno na wa tembo, ingawa kufanana si ushahidi wa kuigana, kwa maana simba ni nembo ya Uingereza yenyewe.

Wakusanyaji hutofautisha aina mbili za sarafu ya tembo kwa kuangalia ncha ya nakshi inaishia chini ya herufi gani, A au T, katika neno la Kijerumani Ostafrika. Dhahabu haishiki weusi kama rupia ya fedha, ambayo moshi na hewa yenye salfa huifunika kwa utando wa rangi. Na anayeisugua rupia hiyo kwa majivu ili ing'ae huiharibia thamani.