Makato ya Changamwe

Mimi bima ya afya naijua kwa upande wa makato. Nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha Changamwe, Mombasa, tangu miaka ya themanini hadi nilipostaafu, na kila mwisho wa mwezi kazi yangu ilikuwa kuwakata watu: kodi, NSSF, chama cha wafanyakazi, mkopo wa sako, na ile shilingi 20 ya NHIF. Siku hiyo hakuna aliyenisalimia vizuri.

Hiyo 20 niliikuta. Sheria ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, yaani NHIF, ilipitishwa mwaka 1966, nayo ilimlenga mwenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi. Changamwe ya 1966, nani alipata elfu moja? Kiwanda cha kusafisha mafuta kilikuwa ndio kwanza kimeanza, reli ilikuwa na wakubwa wake na bandari wake, lakini kuli wa bandarini Kilindini alikuwa chini sana ya hapo. Mkoloni alikuwa ametenga hospitali kwa rangi. Hazina mpya haikuuliza rangi, iliuliza mshahara, na kwa miaka ile ya mwanzo majibu yalikaribia kufanana. Asiye na elfu moja aliachiwa hospitali ya serikali, ambako ada ya shilingi tano ya mkoloni ilikuwa imefutwa mwaka 1965.

Mwaka 1972 wanachama wa hiari walikubaliwa. Kisha bei zikapanda, mishahara ikafuata nyuma ikichechemea, na elfu moja ikawa mshahara wa mtu wa kawaida. Hivyo ndivyo bima ya mabosi ilivyotufikia sisi.

Nilipoanza kazi, mchango ulithibitishwa kwa stempu. Kila mwanachama alikuwa na kadi yenye nafasi ya kila mwezi. Unabandika, unapiga muhuri, unaendelea na mwingine. Unyevu wa Mombasa ulikuwa ukizigandisha stempu zikingali kwenye droo, kwa hiyo nilikuwa nazinyunyizia poda ya mtoto kidogo. Mezani kwangu palinukia kama wodi ya wazazi.

Kadi ikiwa na mapengo, bima haipo. Namkumbuka bwana mmoja wa Chaani, kibarua aliyekuwa akiitwa kazini shehena ikija na kurudishwa nyumbani ikiisha. Mkewe alilazwa, naye akakimbilia kwangu na kadi mkononi. Miezi aliyofanya kazi ilikuwa na stempu, miezi aliyokaa nyumbani ilikuwa wazi. "Dada, si unibandikie tu?" Stempu zilikuwa kwenye droo, lakini kila moja ilihesabiwa. Alikopa kwa jamaa zake akalipa. Mpaka leo naona mfumo uliomtaka mtu awe na kazi kila mwezi ulibuniwa na mtu asiyewahi kuijua bandari.

Na hata kadi iliyojaa haikuwa na makubwa. Hazina ilimlipa mwenye hospitali kiasi maalumu kwa kila siku ya kitanda. Dawa, vipimo na upasuaji vikizidi hapo, mgonjwa alijaza mwenyewe. Tena ilihusu kulazwa tu. Maradhi yetu ya huku Mombasa bara mengi ni ya kutibiwa na kurudi: malaria, homa ya matumbo, kikohozi cha vumbi la Magongo. Mtu angeweza kukatwa miaka ishirini asifaidike hata kwa kidonge kimoja. Desemba 1989 serikali ikaanza kutoza ada katika hospitali zake, ikasita mwaka uliofuata, kisha ikarudi nayo pole pole. Ukawa unakatwa kwenye mshahara na unalipa dirishani.

Utaratibu huo wa kulipia kitanda kwa siku ndio mzizi wa mambo mengi. Ukilipa watu kwa kulaza, watalaza. Minong'ono ya wagonjwa waliopona wakaambiwa "lala kidogo, daktari hajaja" niliisikia zamani kabla magazeti hayajaiandika.

Mwaka 1990 mchango ukapangwa kwa ngazi, kuanzia shilingi 30 hadi 320, na ngazi ya juu ikaishia kwa mshahara wa 15,000. Ikabaki hivyo robo karne. Meneja wa laki tatu na dereva wa 15,000 walikatwa 320 sawasawa, na mimi ndiye niliyeandika. Hazina ilipotaka kupandisha mwaka 2010, muungano wa vyama vya wafanyakazi, COTU ya Francis Atwoli, ukaenda mahakamani. Viwango vipya vilianza Aprili 2015: 150 kwa wa chini, 1,700 kwa wa laki moja na zaidi, na matibabu ya kutwa yakaingizwa. Wafanyakazi waliponilalamikia niliwaambia kwamba angalau sasa malaria imo.

Lakini kabla ya hapo yalikuwa yameshatokea ya 2012. Watumishi wa serikali walipewa mpango wao, na kliniki zikawa zinalipwa mapema kwa idadi ya watu walioandikishwa, waje wasije. Ikazuka kashfa ya kliniki za Clinix na Meridian: bungeni yakatajwa mamilioni yaliyolipwa kwa vituo ambavyo baadhi yake havikuonekana vilipo. Bodi ya NHIF ikavunjwa, mkurugenzi Richard Kerich akawekwa kando. Malipo ya kitanda yalichelewesha wagonjwa; malipo ya vichwa hayakuhitaji hata mgonjwa. Mwaka 2023 runinga ya NTV ikaonyesha wazee waliovutwa na kambi za matibabu ya bure wakaishia kupasuliwa magoti, bili ikapelekwa NHIF.

Haya yote yanawahusu waliokatwa. Ng'ambo ya feri, Likoni, na huku Kisauni, wengi hawana wa kuwakata. Muuza viazi karai wa Mtongwe, mvuvi, mwendesha bodaboda wa Bombolulu, wao walikuwa wa hiari: 160 kwa mwezi, halafu 500 kuanzia 2015, na ukiruka mwezi kulikuwa na faini. Basi watu walijiandikisha tumbo likishakuwa kubwa, wakaacha mtoto akishazaliwa. Ofisini waliwaita wajanja. Mimi nasema walipiga hesabu vizuri, na mpango wa Linda Mama ulipoingizwa NHIF mwaka 2017, uzazi ukawa bure, sababu yao kubwa ya kulipa ikaondoka.

Oktoba 2024 NHIF ikazikwa, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Julai ya mwaka huo Mahakama Kuu ilikuwa imetangaza sheria zake kuwa kinyume cha katiba; Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, kazi ikaendelea. Hazina iliyokufa iliacha hospitali zikidai zaidi ya shilingi bilioni 30. Na Machi 2025 Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu akaripoti kwamba mfumo wa kompyuta wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, serikali haiumiliki.

Sasa makato ni asilimia 2.75, bila kikomo. Nimepiga hesabu kwa mazoea tu: wa 30,000 alikuwa akikatwa 900, sasa 825. Wa laki moja ametoka 1,700 kwenda 2,750. Kwa hilo, meneja wangu wa zamani angenuna, na mimi ningemwandikia kwa raha.

Kwa asiye na mshahara, wanakuuliza maswali: paa la nyumba yako ni la nini, maji unapata wapi, mnakaa wangapi. Kompyuta inakadiria kipato, si chini ya 300 kwa mwezi, na inakutaka ulipe mwaka mzima kwa mkupuo. Jirani yangu mmoja, anayepika mahamri alfajiri na kuyamaliza saa tatu, alijibu yote, akatajiwa kiasi chake. Akamuuliza kijana wa usajili kama anaweza kulipa kwa siku, kama anavyonunua unga.

Kijana akamwambia kuna mkopo.