Merikebu Zilizopita Nchi Kavu

Greenwich, London, merikebu Cutty Sark imesimama kwenye chelezo tangu 1954. Iliundwa Scotland mwaka 1869 ili kuleta chai kutoka China kwa matanga matupu. Moto wa 2007 uliiunguza vibaya, ikakarabatiwa, na 2012 ikapokea wageni tena. Waingereza wamekihifadhi chombo chenyewe, pamoja na makovu yake.

Zanzibar ilishika njia nyingine. Mitepe, vyombo vya kale vya mbao, ilikuwa imekwisha, basi mafundi wakaunda mmoja mpya, mbao zikashonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, ukawekwa katika ukumbi wa jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib. Hapo kilichohifadhiwa ni ufundi, na kwangu mimi hiyo ndiyo hifadhi yenye uzito zaidi. Jengo lenyewe lilibomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, lakini fundi anayejua kushona mtepe anaweza kushona mwingine.

Tabora, mamia ya kilomita kutoka baharini, inaweza kuonekana haihusiki na habari za vyombo hivi. Inahusika sana. Mapema miaka ya 1880, Edward Hore wa London Missionary Society aliisafirisha mashua ya chuma, Morning Star, ikiwa vipandevipande, kutoka Saadani pwani hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kupitia nchi ya Wanyamwezi. Mzigo wa nguo au shanga hugawanywa ukatosha bega la mtu. Bamba la mashua haligawanyiki. Watu walivibeba vipande hivyo na kuvikokota vichakani, mabondeni na milimani, na mwaka 1883 mashua ilikuwa ziwani. Reli ilifika Tabora 1912, na meli ya Wajerumani ambayo leo ni Liemba ikapita kwa treni, ndani ya masanduku.

Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuna makumbusho ya tembe alimokaa msafiri Livingstone mwaka 1872. Alikaa miezi kadhaa akisubiri wapagazi kutoka pwani. Bila wao hakuweza kuondoka, naye aliondoka Agosti walipofika. Hata hivyo nyumba inajulikana kwa jina la aliyesubiri.

Wahusika wa Kwihara watengeneze mfano wa Morning Star, vipande vyake vikiwa vimefungwa tayari kwa safari, na mgeni aruhusiwe kuinua kimoja. Mafundi wa chuma Tabora wapo. Wapewe kazi hiyo.