Mji wa Moshi Ulijengwa na Kihamba

Husemwa kwamba Moshi ni mtoto wa reli. Ni kweli kwamba njia ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, shughuli za utawala na biashara zilihamia tambarare, na makao ya Mangi Rindi, mtawala wa Kichaga, kule juu yakabaki kuitwa Moshi ya Zamani. Lakini reli ilichagua mahali tu. Kahe, kituo kingine cha njia hiyo, nayo ilipata reli, tena ikawa makutano ya njia ya Voi, na haikuwa mji. Tofauti, naamini, ilitoka mlimani Kilimanjaro, kwenye vihamba, yaani mashamba ya familia ya migomba, vilivyonyweshwa kwa mifongo, mifereji ya maji ambayo koo zilichimba na kuilinda kabla Mjerumani hajafika.

Kahawa ilipoingia vihambani, walowezi waliipinga. Wachaga wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 chama cha ushirika cha KNCU kikakirithi. Atasema mtu kwamba Waingereza ndio waliosimamia ushirika huo. Walisimamia, ndiyo, ila kahawa ilikuwa ya wakulima, na nidhamu ya kugawana maji walikuwa nayo tayari. Ndiyo maana Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa mwaka 1963, kiliwekwa Moshi.