Ukungu Ndani ya Miwani: Kutoka Anga za Juu Hadi Baridi ya Chuga

Saa 12 na nusu asubuhi, mwezi wa saba, Ngaramtoni. Mlima Meru hauonekani kabisa, umejifunika shuka. Chalii mmoja wa bodaboda anashuka na abiria kuelekea Sakina, kioo cha helmeti amekifunga kwa sababu baridi inauma. Hajamaliza hata mita mia mbili, pumzi zake tatu nne zimeshakigeuza kioo kizima kuwa cheupe kama maziwa. Anafanya kile ambacho kila dereva boda wa Chuga hufanya: anakipandisha juu. Machozi yanamtoka kwa upepo, lakini angalau barabara anaiona.

Sasa hamisha picha hiyo hiyo kwenye airsoft, ule mchezo wa timu mbili kuwindana kwa bunduki za kuchezea zinazorusha gololi za plastiki za milimita 6. Mchezaji amekimbia, jasho linamtoka, miwani imejaa ukungu, adui yuko nyuma ya mti. Akiipandisha miwani kidogo tu ili aifute, sekunde mbili hizo zinatosha kumpotezea jicho. Ndiyo maana suala la ukungu kwenye miwani ya kinga si la starehe. Na historia yake ni tamu kuliko watu wanavyodhani, maana hata NASA iliwahi kushindwa nalo.

Ilikuwa Juni 5, 1966. Mwanaanga Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A, akiwa Mmarekani wa pili kuelea angani akiwa nje ya chombo. Kazi yake ilikuwa kwenda nyuma ya chombo, avae mtambo wa mgongoni na aujaribu. Suti ilikuwa ngumu kama tairi lililojazwa upepo, kila kukunja mkono ni vita. Mwili ukachemka, jasho likazidi uwezo wa mfumo wa kupoza suti, na kioo cha helmeti kikajaa ukungu kwa ndani. Hakuweza kuupangusa kwa mkono, maana mkono uko nje na ukungu uko ndani. Alichofanya ni kusugua kioo kwa pua yake mpaka apate kitundu cha kuchungulia. Jaribio la mtambo likafutwa, na baada ya saa mbili na dakika kadhaa akarudi ndani akiwa hoi. Bajeti yote ile, halafu jamaa anaokolewa na pua!

Kilichomkuta Cernan ndicho kinachomkuta chalii wa Ngaramtoni. Pumzi na jasho vina mvuke wa moto. Kioo kikiwa cha baridi kuliko hewa iliyo ndani, mvuke ukigusa pale hugeuka vitone vidogo sana, na vitone hivyo hutawanya mwanga. Waliovaa miwani ya macho na barakoa mwaka 2020 hawahitaji kuelezwa zaidi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda vijiji vya miteremko ya Meru baridi inazidi, kwa hiyo ukungu ambao mchezaji wa Dar anausikia kwa mbali, wa Chuga anakutana nao kuanzia Juni mpaka Agosti asubuhi yoyote ile.

Dawa ya kweli ya tatizo hili haikutoka NASA. Ilitoka kwa mtaalamu wa kunyoosha meno. Bob Smith wa Marekani alikuwa mgonjwa wa kuteleza kwenye theluji, na siku za theluji nyingi miwani yake ilimfungia safari kwa ukungu. Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya masaibu ya Cernan, alitengeneza miwani yenye lenzi mbili zilizozibwa pembeni, katikati yake hewa, na sponji inayopitisha hewa kuzunguka fremu. Hewa ile ya katikati inafanya kazi kama blanketi: lenzi ya nje inapigwa na baridi, ya ndani inabaki na joto la uso, na mvuke unakosa pa kushika. Kampuni aliyoianzisha ipo mpaka leo, na lenzi pacha ndiyo bado mfalme kwenye miwani ya kinga za michezo.

Michezo ya kuwindana yenyewe ilikuja baadaye. Japani, nchi ambayo raia wa kawaida kumiliki bunduki ni kazi kwelikweli, ndiyo ilizaa airsoft miaka ya 1970. Marekani, Juni 27, 1981, wanaume 12 waliingia msituni huko Henniker, New Hampshire, na bastola za rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya kuwekea alama miti na ng'ombe. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza ya paintball. Machoni walivaa miwani ya kinga ya karakana tu, kama ile ya fundi wa kukata vyuma. Aliyeshinda hakufyatua hata risasi moja, alinyemelea bendera mpaka mwisho. Halafu mwaka 1991 kampuni ya Kijapani ya Tokyo Marui ikatoa bunduki ya airsoft ya umeme, na gololi zikaanza kumiminika kama mvua ya masika. Miwani ya fundi ikaanza kuonekana si mchezo salama tena.

Hapa hesabu kidogo. Gololi ya gramu 0.20 ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde (hiyo ni kilomita 360 kwa saa) inabeba nguvu ya jouli 1. Miwani ya kinga ya Ulaya kwa miaka mingi ilipimwa kwa kiwango cha EN 166, kwa kupigwa gololi ya chuma ya milimita 6 yenye gramu 0.86. Yenye alama F imepimwa kwa mita 45 kwa sekunde, ambayo ni chini kidogo ya jouli 0.9. Umeona tatizo? Hiyo F ni ndogo kuliko bunduki yenyewe. Yenye alama B imepimwa kwa mita 120 kwa sekunde, zaidi ya jouli 6, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Za Kimarekani huandikwa Z87+, na ile alama ya kujumlisha ndiyo inayosema imepimwa kwa mapigo makali. Kwa upande wa ukungu, EN 166 ina herufi yake: N. Miwani isiyo na chochote kilichochapwa kwenye lenzi wala fremu ni urembo wa kupigia picha.

Kuna wanaokwepa ukungu kwa kuvaa wavu wa chuma badala ya lenzi. Kweli, wavu haupati ukungu hata siku moja. Lakini gololi mbovu ikipasuka pale, vipande vinapita.

Na zile dawa za kupaka? Zinasaidia, ila nazo zina kisa. Aprili 2001, Chris Hadfield alikuwa Mkanada wa kwanza kutoka nje ya chombo angani. Baada ya Cernan, kupaka dawa ya ukungu ndani ya kioo kulishakuwa kawaida. Dawa ile, mchanganyiko wenye sabuni ndani yake, ikamwingia jichoni. Angani machozi hayadondoki, yanajikusanya tu, yakavuka pua yakaingia na jicho la pili. Akawa kipofu kwa muda, akining'inia nje ya chombo, mpaka machozi yalipoisafisha dawa. Wanaopaka sabuni ya vyombo kwenye lenzi, mbinu ya miaka nenda rudi, wakumbuke kisa hicho: tone moja, isambazwe, ikaushwe kwa kitambaa laini mpaka lenzi ing'ae. Lenzi iliyokuja na dawa ya kiwandani isisuguliwe kabisa, itakwanguka.

Kwa Arusha, miwani inayopatikana kirahisi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni ile ya plastiki yenye lenzi moja na matundu ya pembeni. Bei poa, ila asubuhi ya Julai itashika ukungu kabla hata filimbi haijapigwa. Miwani ya theluji ya mitumba nayo hujitokeza, na ina lenzi pacha kweli, lakini nyingi hazikupimwa kwa gololi. Mwenye kuagiza kutoka nje ashike mambo matatu: alama ya B au Z87+, lenzi pacha, sponji inayopumua. Na kwa kuwa bunduki zenyewe zinafanana mno na za kweli, kituo cha polisi kiulizwe kabla mzigo haujalipiwa.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Miwani ikae nje usiku kucha, Sakina au Ilboru, kwenye baridi ya kweli. Asubuhi ivaliwe, mtu akimbie kupanda mlima mpaka ahame, asimame, afunge skafu puani. Akiona vizuri baada ya dakika 5, amepata. Akijikuta mkono unaenda wenyewe kuipandisha, airudishe dukani.