Habari ya Insulini, Dawa ya Kisukari

Leo tutasoma jinsi mwili unavyotumia chakula, na habari ya watu waliotafuta dawa ya wale ambao miili yao imeshindwa kazi hiyo.

Chakula ni kama kuni. Ugali, wali, ndizi na mihogo, vikiisha kulainishwa tumboni, hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Damu huichukua sukari hiyo mwilini kote, nayo hutupa joto na nguvu za kufanya kazi. Lakini ili sukari itoke katika damu na kuingia katika misuli vizuri, hutakiwa kitu kiitwacho insulini. Kitu hicho hutengenezwa katika kongosho, kiungo laini kilicho nyuma ya mfuko wa chakula.

Insulini ikikosekana, sukari hujaa katika damu na kupotea kwa njia ya mkojo. Mgonjwa ni kama mtu mwenye kuni tele uani, lakini jikoni hana moto. Hula, naye hukonda. Hunywa maji, na kiu haiishi. Mwisho mwili huanza kuunguza mafuta yake wenyewe, na sumu itokayo humo huweza kumwua. Huu ndio ugonjwa wa kisukari.

Zamani watu hawakujua ugonjwa huu hutoka wapi. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, madaktari wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho lake. Mbwa yule akaanza kukojoa mara kwa mara, na mkojo wake ulipopimwa ulikuwa na sukari. Hapo ikajulikana kwamba kongosho ndilo lenye siri. Lakini kuitoa siri hiyo kulichukua zaidi ya miaka 30. Katika miaka hiyo madaktari waliwanyima wagonjwa chakula ili sukari ipungue. Watoto wengi waliongezewa siku chache tu, nazo zilikuwa siku za njaa.

Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, daktari Frederick Banting na kijana Charles Best walianza kazi katika maabara ya Profesa Macleod. Walitoa maji katika kongosho za mbwa, kisha za ng'ombe, wakawadunga mbwa wenye kisukari. Sukari ikashuka.

Tarehe 11 Januari 1922 walimdunga mtu. Alikuwa Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14, aliyekonda mno. Dawa haikufaa sana, kwa kuwa ilikuwa na uchafu, na mahali alipodungwa palivimba. Basi mtaalamu wa kemia, James Collip, akajitahidi kuisafisha. Tarehe 23 Januari mtoto akadungwa tena. Safari hii sukari ilishuka sana, na nguvu zikaanza kumrudia. Aliishi mpaka mwaka 1935.

Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting akamgawia Best nusu ya fedha zake, na Macleod akamgawia Collip. Haki ya kutengeneza dawa hiyo, Banting, Best na Collip waliiachia Chuo Kikuu kwa dola moja tu kila mtu.

Sasa sikilizeni vema. Insulini haikumponya Leonard. Ilimpa kila siku kile ambacho kongosho lake halikuweza kumpa. Wako wagonjwa wengine, hasa watu wazima, ambao kongosho lao bado hufanya kazi, lakini mwili hauitikii insulini kama ipasavyo. Wengi wao hutibiwa kwa vidonge na kwa kuangalia chakula. Lakini yule aliyeandikiwa sindano ya insulini, akijiona mzima, asidhani amepona. Uzima ule umeletwa na sindano. Akiiacha, hurudi pale alipokuwa Leonard kabla ya Januari 1922, na anaweza kufa kwa siku chache tu.

Basi mkimwona ndugu ana kiu isiyoisha, anakojoa mara nyingi na kukonda, mpelekeni hospitali apimwe mapema.

Maswali
1. Insulini hutengenezwa wapi mwilini?
2. Kwa nini mgonjwa wa kisukari hukonda ingawa anakula?
3. Jirani yako anataka kuacha sindano kwa kuwa amepata nguvu. Utamwambia nini?