Nyumba Iliyoitwa Paa ya Paa

Kila mwaka, tufikapo katika somo la maneno yenye umbo moja na maana nyingi, sisi tunaofundisha Kiswahili huku Uganda hurudia mifano ile ile: kaa, panda, shinda na paa. Mwanafunzi huambiwa kwamba paa ni mnyama wa jamii ya swala, mdogo wa umbo na mwepesi wa miguu. Kwamba paa ni sehemu ya juu ya nyumba iliyoezekwa. Kwamba kupaa ni kwenda juu hewani. Na kwamba mvuvi naye humpaa samaki, yaani humkwangua magamba. Mwalimu aliyepekua kamusi za zamani huongeza maana ya tano, ambayo siku hizi haisikiki sana: kupaa moto, ndiko kuchukua makaa machache katika jiko la jirani ili kuwasha moto nyumbani kwako.

Hapo somo huisha, na kengele ikalia. Ni wachache miongoni mwetu wanaowaambia wanafunzi kwamba neno hilo lilipewa nyumba moja mjini Nairobi, nyumba ya wachoraji na wachongaji, nayo imelibeba tangu mwaka wa 1965. Twataka kuisimulia historia ya nyumba hiyo katika kurasa hizi, kwa kuwa baadhi ya mizizi yake imo hapa Kampala, na kwa kuwa mambo yaliyoipata yanatuhusu sisi walimu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na jina, maana bila shaka msomaji amekwisha kushika kalamu nyekundu. Paa ya Paa hufasiriwa kuwa ni paa anayepaa, mnyama anayeruka kwenda juu. Lakini je, ni Kiswahili sanifu? Paa ni kiumbe chenye uhai, na sarufi tunayoifundisha yataka tuseme "paa anapaa" au "paa apaa". Atakayelitenganisha jina kama lilivyoandikwa ataiona hiyo "ya" kuwa ni ya umilikishi, ajiulize ni paa ipi na ni ya nani. Na kama ni paa la nyumba, basi lataka "la", si "ya". Tumewahi kubishana juu ya jambo hili katika chumba cha walimu hata chai ikapoa. Rai yetu ni kwamba "ya paa" hapa ni "yapaa", kwa upatanisho wa ngeli ya N, kama isemavyo midomo mingi ya bara, ambako ng'ombe "inakula" na mbwa "inabweka". Mkaguzi wa lugha angeukata upatanisho huo. Msanii aliuacha, na kwa kuuacha akapata maneno matatu yanayodunda kama ngoma, na ambayo mtoto wa Nairobi ayashika kwa kuyasikia mara moja. Hatusemi kwamba tuwape wanafunzi maksi kwa kosa hilo. Twasema tu kwamba kosa hilo limeishi maisha marefu kuliko sentensi nyingi zilizo sahihi.

Aliyekuwa mbele katika kuianzisha nyumba hiyo ni Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa mwaka wa 1932 huko Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro. Alikuja Makerere katika miaka ya 1950, akasoma uchoraji na ualimu, na baadaye akafundisha papa hapa Kampala. Shule ya sanaa ya Makerere ilikuwa imeanza kwa unyonge mwishoni mwa miaka ya 1930, Margaret Trowell alipowakaribisha wanafunzi wachache katika baraza ya nyumba yake. Mama huyo Mwingereza alikuwa na imani ambayo wakati ule haikuwa ya kawaida miongoni mwa wenziwe: kwamba kijana wa Kiafrika asipewe picha za Ulaya azinakili, bali asimuliwe kisa, afumbe macho, akione kisa hicho katika mazingira yake mwenyewe, ndipo achore. Mwaka wa 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa mjini London. Katika shule hiyo walipita Gregory Maloba, aliyechonga sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962, na Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro vilevile, ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika huko Uingereza.

Njau aliichukua imani hiyo akaipeleka mbali kuliko mwalimu wake. Mwaka wa 1959 alichora michoro mitano ya ukutani katika kanisa la ukumbusho huko Murang'a, kanisa lililojengwa kwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Humo alimchora Kristo akizaliwa, akibatizwa, akila karamu ya mwisho, akiomba Gethsemane na akisulubiwa. Na yote hayo aliyaweka katika nchi ya Kiafrika, miongoni mwa watu weusi. Tukumbuke kwamba hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa nchini Kenya. Kumchora Mwokozi mweusi katika ardhi iliyokuwa imelowa damu miaka michache tu iliyopita halikuwa jambo dogo.

Njau anajulikana sana kwa fundisho lake moja, kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Sisi twalielewa hivi: kama Mungu ni muumbaji, na mtu amepewa sehemu ndogo ya uwezo huo, basi anayenakili kazi ya mwenzake ameizima taa iliyowashwa ndani yake. Fundisho hili lilitusumbua tuliposikia habari zake. Wengi wetu tulifunzwa insha kwa kukariri insha za mfano, na sisi wenyewe, tuseme kweli, tumewakaririsha wengine. Ni nani kati yetu ambaye hajasahihisha insha arobaini zinazoanza kwa jua lililochomoza na ndege waliolia?

Kabla ya Paa ya Paa palikuwa na Chemchemi. Mwaka wa 1963 Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, alifungua mjini Nairobi kituo cha utamaduni kwa jina hilo, na Njau akapewa kuongoza upande wa sanaa. Kituo kilikuwa na michezo ya kuigiza, mafunzo ya uandishi na maonyesho ya picha. Fedha zake zilitoka kwa chama kilichoitwa Congress for Cultural Freedom, chenye makao Paris. Mphahlele aliondoka Nairobi mwaka wa 1966, na Chemchemi haikudumu. Katika miaka ya 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba chama kile kilikuwa kikilishwa kwa siri na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Hatumlaumu Mphahlele, aliyefanya kazi njema kwa mikono safi. Lakini jina la Chemchemi laonekana leo kuwa na uchungu ndani yake, kwa sababu maji yale yalikuwa yakitoka mahali ambapo waliokuwa wakiyanywa hawakupajua.

Paa ya Paa ilianza kwa njia nyingine. Ilikuwa kazi ya marafiki. Pamoja na Njau na mkewe wa wakati ule, mwandishi Rebeka Njau, walikuwamo Jonathan Kariara, mshairi na mhariri wa vitabu. Hilary Ng'weno, mwandishi wa magazeti. James Kangwana, mtangazaji. Pheroze Nowrojee, wakili. Na Terry Hirst, Mwingereza aliyefundisha sanaa na ambaye mwaka wa 1973 alianzisha pamoja na Ng'weno jarida la vichekesho liitwalo Joe. Tazama orodha hiyo: Mchagga, Wakikuyu, Mhindi, Mwingereza, na si wote waliokuwa wachoraji. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa katikati ya mji, katika mtaa wa Koinange. Huhesabiwa kuwa ndiyo nyumba ya kwanza ya maonyesho ya sanaa nchini Kenya iliyomilikiwa na kuendeshwa na Waafrika. Hapo kabla, kuta za kutundika picha zilikuwa katika mikono ya walowezi na wageni, na mgeni aliyenunua picha alitaka kwanza kuona twiga na machweo.

Nyumba ya namna hii hufanya kazi gani hasa? Watu wengi hudhani ni duka la picha. Mwaka wa 1969 wasanii watatu walifungua Nairobi nyumba waliyoiita Gallery Watatu, na hiyo kweli ilikuwa ya biashara: picha huja, hutundikwa, huuzwa, mwenye nyumba akachukua fungu lake. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini biashara humtaka msanii aliyekwisha kuiva. Kijana anayeanza hana jina, hana rangi, hana chumba chenye mwanga, na zaidi ya yote hana miezi ya kukosea. Kila ubao anaouharibu ni chakula cha jioni kilichopotea. Kwa hiyo hukimbilia soko la watalii, akachonga Mmasai mwenye mkuki, kisha mwingine, kisha mia, wote sura moja. Nyumba isiyotafuta faida humpa kijana huyo kitu ambacho soko haliwezi kumpa, nacho ni muda chini ya paa. Hukaa, hufanya kazi, huona wakubwa wanavyofanya, hula na wenzake, na siku kazi yake ikistahili huonyeshwa kwa watu wa mtaa na si kwa matajiri peke yao.

Mfano ulio wazi ni Samwel Wanjau. Huyu katika ujana wake alikuwa katika vita vya Mau Mau, kisha akawa mchongaji wa vinyago vya watalii. Alipopata nafasi ya kufanya kazi Paa ya Paa aliacha vinyago hivyo, akaanza kuchonga watu wakubwa wenye uzito na maumivu, kazi ambazo hakuna mtalii angeweza kuzitia katika mkoba. Leo hutajwa miongoni mwa wachongaji wakuu wa Kenya.

Baadaye nyumba ilihama mjini, ikaenda Ridgeways, upande wa barabara ya Kiambu, katika kiwanja chenye miti na sanamu zilizosimama nje kwenye majani. Njau aliiendesha pamoja na mkewe Phillda Ragland Njau, aliyetoka Marekani. Kuhama huko kulibadili tabia ya mahali. Ilikuwa sasa ni makazi ya watu, nyumba na maonyesho vikiwa kitu kimoja, na mgeni aliyekuja kutazama picha alikuwa mgeni wa nyumbani. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake. Chemchemi ilikuwa na wafadhili. Ufadhili ulipokauka, nayo ikakauka. Paa ya Paa ilikuwa na wenyeji, na mwenyeji hafungi nyumba yake kwa sababu barua ya fedha haikufika.

Lakini lililo nguvu ndilo pia udhaifu. Mwaka wa 1997 moto uliizuka nyumba hiyo ya Ridgeways. Uliteketeza picha, vinyago, vitabu na makaratasi yaliyokusanywa kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi za wasanii wa Afrika Mashariki ambazo hazikuwa na nakala popote zilikuwa majivu asubuhi yake. Mali ya taifa zima ilikuwa imehifadhiwa chini ya paa la familia moja, kwa kuwa taifa halikuwa limejenga paa lake. Wenye nyumba walifagia majivu, wakaendelea kuwapokea wasanii katika kiwanja kile kile.

Nyumba nyingine zimesimama katika nchi zetu. Hapa Kampala tunayo Nommo, iliyofunguliwa mwaka wa 1964, mwaka mmoja kabla ya Paa ya Paa, nayo ni ya serikali. Dar es Salaam palikuwa na Nyumba ya Sanaa tangu 1972, ambamo George Lilanga alianza kujulikana. Nairobi ikapata Kuona mwaka wa 1995, na Dar es Salaam ikapata Nafasi mwaka wa 2008, ambako wasanii hufanyia kazi katika makontena. Mwalimu wa lugha hawezi kuacha kuona kwamba nyingi katika hizo zimechagua majina ya Kiswahili, tena maneno mafupi ya kila siku ambayo mtoto wa darasa la kwanza anayajua.

Twamalizia kwa ombi. Makaratasi ya Paa ya Paa yaliungua, lakini si yote yaliyokuwa Ridgeways. Waalimu wengi waliosoma Makerere katika miaka ya 1950 na 1960 walipokea kadi za mialiko, orodha za maonyesho, barua, na pengine picha ndogo ndogo walizopewa na wenzao wa darasa la sanaa. Baadhi ya waalimu hao wametangulia mbele ya haki, na masanduku yao yamo katika vyumba vya wajukuu. Wasomaji walio na jamaa wa namna hiyo, huku Uganda na kwingineko, waombe ruhusa wafungue masanduku hayo kabla mchwa hawajafika. Chochote kitakachopatikana, hata kiwe kadi moja yenye tarehe, na kiandikiwe barua kwa mhariri, naye ataona namna ya kuzifikishia habari hizo nyumba yenyewe. Wao walikuja kupaa moto kwetu zamani. Jiko lao likazimika. Na sasa ni zamu yao kutazama kama kwetu bado kuna kaa.